Alama Mbili Kwenye Kata ya Bibi

Nilipotembelea makumbusho ya Iringa Boma, kilichonigusa zaidi ni jengo lenyewe, ambalo Wajerumani walilijenga mwaka 1900 likiwa hospitali, na ambalo lilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Nikiwa barazani, nilijiuliza dawa ilipimwaje humu ndani, na ilipimwaje siku hizohizo huko Kilolo kwetu.

Watu wengi, wakiwamo wasomi, husema kwamba mitishamba haina kipimo. Sikubaliani nao. Wafamasia wa Ulaya walitumia kwa karne nyingi uzani uliotokana na punje ya nafaka, takribani miligramu 65, na hakuna aliyewacheka. Marehemu bibi yangu, aliyetibu watoto wa kijiji kizima, alikuwa na kata ya kibuyu iliyokwaruzwa kwa kisu alama mbili upande wa ndani, moja karibu na kitako na nyingine katikati. Mizizi aliikata kwa urefu wa pingili ya kidole cha mgonjwa mwenyewe, kwa hiyo mtoto, ambaye kidole chake ni kifupi, alipata dawa kidogo bila mtu yeyote kupiga hesabu. Unga wa dawa aliuweka kwenye kibuyu chenye kizibo cha gunzi, akakitundika darini juu ya moshi ili wadudu wasiukaribie. Duka la dawa la zamani lilitumia chupa za kahawia kuzuia mwanga. Kibuyu chake kilikuwa na giza la kutosha.

Sisemi kwamba kila alichokitoa kiliponya. Kuthibitisha ni kazi ya maabara, na pale Muhimbili utafiti wa dawa za asili umekuwapo tangu mwaka 1974. Hata hivyo, mtafiti naye lazima aulize: kiasi gani, kwa nani, mara ngapi? Ndiyo maana naona kwamba makumbusho yanayopokea kinu, pembe ya kuumikia au kata yapokee pamoja navyo maelezo ya mtu aliyevitumia, na yaandike pia namna ya kuvuna. Bibi alichuna gome upande wa mawio peke yake, kwani mti uliochunwa kuuzunguka hufa. Magome ya Prunus africana, yanayotumika Ulaya kutengeneza dawa ya tezi dume, yalivunwa kwa pupa kiasi kwamba mwaka 1995 biashara ya mti huo ikawekewa udhibiti wa kimataifa.

Kata ile ninayo, na nimeazimia kuitoa. Mdogo wake bibi anakumbuka kwamba alama ya kitako ilikuwa ya mtoto ambaye hajaota meno. Kuhusu ile ya katikati, aliigusa kwa kidole gumba, akainamisha kata kuelekea dirishani, kisha akanirudishia bila kusema neno.