Gololi Kwenye Bakuli

Jumapili usiku nilikuwa nimeshazima taa, simu bado mkononi kama ilivyo kawaida yetu watu tusiojipenda, nikakutana na picha ya vitumbua. Nzuri, sitaki uongo. Vitumbua saba juu ya ubao mkuukuu, mwanga umeingia kutoka kushoto, nazi iliyokunwa imemwagika pembeni kana kwamba imeanguka yenyewe. (Haikuanguka yenyewe. Kazi hii ya kupiga picha za chakula naifanya mwaka wa tisa sasa. Nazi ile imepangwa kwa kibano, chembe kwa chembe.) Chini yake maneno: "Chakula cha kutuliza moyo, hakina gluteni kabisa." Laiki elfu nne na ushee.

Nikasoma mapishi. Mchele vikombe viwili, tui, sukari, iliki, hamira. Halafu mstari wa sita: semolina nusu kikombe, "ili vishikane vizuri".

Semolina, jamani. Suji. Si binamu ya ngano wala jirani yake. Ni ngano yenyewe, imesagwa ikaachwa na chengachenga. Na gluteni ni ile protini ya ngano inayofanya unga unate.

Nikaandika kwa adabu zote nilizofunzwa Tanga: "Dada, hongera kwa picha, ila semolina ni ngano. Naomba urekebishe, kuna watu wataumwa." Jibu likaja hata dakika tano hazijapita: "Asante mpenzi, mimi natumia semolina, sijaweka unga wa ngano," na kimoyo cha waridi mwishoni. Akadakia mwingine: "Wengine hamtaki kuona mtu anafurahi." Asubuhi naangalia, maoni yangu yamefutwa. Vitumbua vipo palepale, laiki zimefika elfu tano.

Sasa niwaambie kwa nini sikulala.

Mdogo wangu ana seliaki, ugonjwa wa utumbo usiostahimili gluteni. Kabla hatujalijua jina hilo alitibiwa kila kitu kilichopo kwenye kitabu: amiba, minyoo, taifodi mara tatu, vidonda vya tumbo. Damu ilikuwa haipandi hata ameze vidonge vya madini ya chuma mpaka kinyesi kinakuwa cheusi. Shangazi yetu mmoja alishatafuta mganga. Mwisho akapatikana daktari aliyeuliza swali la kijinga: "Asubuhi unakula nini?" Chapati, dokta. Mandazi. Mkate. Akapimwa damu, akateremshwa kamera kooni, wakachukua kinyama cha utumbo mwembamba, na jibu likawa hilo: kila gluteni inapoingia, mwili wake unageuka kuushambulia utumbo wenyewe, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula vinasagika. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai (nafaka nyingine ya jamii hiyo), maisha.

Na msiniambie ni ugonjwa wa Wazungu. Hilo nimeambiwa sana, tena na watu waliosoma. Katika maeneo yote yaliyopimwa duniani, kiwango kikubwa kuliko vyote kilikutwa humu humu Afrika, kwa watoto wa Wasahrawi, watu wa Sahara Magharibi: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta asilimia 5.6. Kwingineko watu huzungumzia mmoja katika mia. Huku kwetu tunapima amiba.

Kilichomliza mdogo wangu wala hakikuwa keki. Kilikuwa urojo. Wiki ya kwanza alivumilia vizuri, akawa anajisifu kabisa, mpaka siku moja tukapita jioni mahali wanapouza, akasikia ile harufu ya embe na manjano, akasimama. Ule uji wa urojo, kwa wasiopika, unashikishwa na unga wa ngano. Akaniangalia, akasema, "Dada, na hii pia?" Na hii pia, mdogo wangu. Na bhajia za pale pia, kwa sababu ingawa ni dengu tupu, zinakaangwa kwenye mafuta yaliyotoka kukaanga sambusa.

Hapo ndipo nilipoelewa chakula cha kutuliza moyo ni kitu gani. Ni kile unachokitaka ukiwa umefiwa, umeachwa, umefeli, au mvua inanyesha tu na huna kazi. Huwezi kumwambia mtu wa hali hiyo ale saladi. Kwa hiyo mtu anapoandika maneno mawili, "haina gluteni", pembeni ya chakula cha namna hiyo, anamwambia mdogo wangu: njoo, hiki ni chako, kula bila woga. Anayaandika kwa sababu yanaongeza watu. Ni kama ua kavu la waridi kando ya sahani.

Wanaopiga picha za chakula tuna historia ndefu ya uongo, na mwingi hauna madhara. Maziwa kwenye picha ya nafaka za asubuhi mara nyingi ni gundi nyeupe, isilowanishe. Aiskrimu isiyoyeyuka ni viazi vilivyopondwa. Povu la kunyolea ndevu linasimama vizuri kuliko krimu. Kisa ninachokipenda ni cha Marekani: kampuni ya supu ya Campbell ilipiga matangazo ambayo bakuli lilitiwa gololi za kioo chini, ili mboga na nyama zisukumwe juu na supu ionekane imejaa vitu. Tume ya biashara ya serikali ikawashukia, na mwaka 1970 kampuni ikakubali kuacha. Gololi! Watu wazima wamekaa studio wanatumbukiza gololi kwenye supu.

Lakini hata gololi zile zilikuwa na ustaarabu wake. Zilibaki kwenye bakuli la picha. Anayenunua kopo anapungukiwa mboga, anakasirika, basi. Semolina ya Jumapili imo kwenye mapishi. Mtu ataipima kwa kikombe na kuitia kwenye blenda. Kipimo cha kimataifa cha kuandika "haina gluteni" kwenye pakiti ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula, na Marekani wamekiweka kwenye kanuni zao tangu 2013. Miligramu, si gramu. Nusu kikombe cha suji kinakuletea maelfu ya hizo miligramu, na kimoyo cha waridi juu yake.

Nikiri sasa, maana najua kuna mwenzangu wa kundi letu la wapiga picha anasoma huku anatabasamu. Miaka minne iliyopita, kabla mdogo wangu hajapimwa, mgahawa mmoja uliniita kupiga picha menyu yao mpya "isiyo na gluteni". Nikafika na ubao wangu, kitambaa changu cha kitani, lenzi yangu ya milimita 50. Bhajia zikaletwa za moto. Nyuma yake kijana wa jikoni akatoa sambusa kwenye karai lilelile, kwa mwiko uleule wa matundu, akaziweka mezani karibu na bhajia zangu. Niliona. Akili yangu yote ilikuwa kwenye ile rangi ya kahawia iliyokuwa inaharibu fremu. Nikaisogeza sahani ya sambusa pembeni, isionekane, nikapiga. Walinilipa siku ileile. Picha nilikuja kuiona imechapishwa kubwa, imebandikwa ukutani.

Kwa hiyo huyo dada wa vitumbua simwoni shetani. Namwona ni mimi mwenye mwanga mzuri zaidi.

Kundi letu la WhatsApp lina watu mia mbili na kitu. Tunajadili dirisha, ubao, kitambaa, mvuke wa kweli au wa pamba iliyoloweshwa ikapashwa moto. Mwezi uliopita tulibishana siku mbili nzima kama sahani nyeusi imepitwa na wakati. Katika miaka yote hiyo sijaona hata mara moja mtu akiuliza: hiki tunachokipiga kina nini ndani? Nilipolileta suala la semolina, msimamizi akanijibu kwamba sisi ni wapiga picha, mambo ya afya tuwaachie wataalamu. Sawa. Basi na maneno ya afya tusiyaandike, tuwaachie wataalamu.

Watasema, na ni kweli kiasi, kwamba bila watu hawa wa mtandaoni mdogo wangu asingejua hata pa kuanzia. Nakubali kwa shingo upande. Mkate wa mchele unaopanda bila ngano tuliufuma kwa mama mmoja wa Mombasa mwenye picha mbaya kuliko zote nilizopata kuona, taa ya jikoni imewaka juu, kivuli cha kichwa chake kimeangukia sufuria. Ameandika kila kitu. Hata aina ya mchele.

Na kuna wale wa upande wa pili, wanaotangaza kwamba chakula chetu chote cha asili hakina gluteni, tatizo ni mikate ya kigeni. Natamani. Mtama, uwele, ulezi, mahindi, muhogo, mchele, kweli havina. Lakini hamna chakula kinachokaa peke yake duniani. Nilikwenda kusaga makopa, ile mihogo mikavu, mdogo wangu alikuwa ametamani bada, ugali wa muhogo. Nikamuuliza kijana wa mashine kama anasaga ngano.

"Hapana dada, ngano hatusagi hapa."

"Kabisa?"

"Kabisa. Tunasaga mahindi, muhogo, na lishe."

"Lishe ina nini?"

Akahesabu kwa vidole vilivyojaa unga: mahindi, ulezi, soya, karanga, mchele. Akafika kidole cha sita, akakisitasitia. "Na ngano kidogo."

Sikumkasirikia. Yeye aliulizwa kama anasaga ngano, na ngano kweli hasagi, anasaga lishe. Na tofauti yake na sisi ni kwamba alipoulizwa mara ya pili alijibu. Nilirudi na makopa yangu nyumbani, nikayatwanga mwenyewe kwenye kinu cha mama mpaka mabega yakalia, nikachekecha. Bada ikatoka. Mchuzi wa papa, tui zito, bilinganya. Mdogo wangu alikula kimya, ananawa anaongeza, na mimi kwa mazoea ya kazi nikatoa kamera.

Bada haipigiki picha. Nimejaribu dirishani, nimejaribu kivulini, nimejaribu kuipamba na majani ya giligilani ambayo hayana kazi yoyote pale. Inatoka kijivu, inang'aa kama udongo wa mfinyanzi. Ndiyo maana humkuti mtu ameiweka bada mtandaoni kama chakula cha kutuliza moyo, ingawa nawajua watu wazima, wenye magari, ambao wakiumwa homa ndicho kitu pekee wanachokiomba. Kinachopendeza kwenye kamera ni kile kilichosimama, kilichochambuka, kilichojaa hewa, na hiyo hewa nyingi ni kazi ya gluteni. Ndipo mtu anapochomeka semolina "ili vishikane". Kitumbua cha mchele mtupu kikipoa kinalegea ubavuni. Kinataka kuliwa, hakitaki kusubiri mpiga picha apande kwenye stuli.

Kuhusu bei za unga ulioandikwa "bila gluteni" kwenye supamaketi za Dar sitasema neno, mama anasoma blogu hii.

Jumatano mdogo wangu alikuja kwangu, tukapika. Mchele umelala kwenye maji tangu usiku, blenda ni yetu, chuma cha vitumbua tulikinunua kipya kwa sababu kile cha zamani kilishapikiwa kila kitu. Alikuwa anageuza kwa kijiti, anaongea habari za kazini kwake, mafuta yanamrukia mkononi na hajali. Nikapiga picha moja tu, kwa simu, mvuke umeziba nusu ya kioo, kidole chake kimeingia kwenye fremu. Nikaipandisha hivyohivyo na kuandika chini: mchele, tui, sukari, iliki, hamira, mafuta mapya.

Mpaka leo ina laiki kumi na nne, mbili za kwangu kutoka akaunti ya kazi na ya nyumbani. Maoni ni moja, la mtu nisiyemjua, hana hata picha ya wasifu:

"Mchele mmesaga wapi?"

Nikamjibu: nyumbani, kwenye blenda isiyowahi kuguswa na ngano. Hakusema asante. Aliuliza la pili, la hamira, na nikaenda jikoni kuitafuta ile pakiti kwenye ndoo ya taka nisome upande wa nyuma.