Kikoi Hakiingii Majini

Jamani, nimekatazwa kuingia majini na kikoi. Amu hii hii, Lamu yetu! Na aliyenikataza ni kijana mwenye filimbi shingoni, juu ya dari, saa nne asubuhi.

Nilifikaje huko? Mpwa wangu anaoa, nyumba imejaa wageni hakuna pa kuweka mguu, naye ana vijisenti vyake vya Nairobi. Akasema, “Mjomba, wewe na mama nendeni mkapumzike hoteli ile mpya, ile yenye kidimbwi darini.” Nikaenda kwa heshima zangu zote, kanzu, kofia ya vito na bakora.

Chumba kizuri, sikatai. Vidaka ukutani, boriti juu, kitanda cha kamba sawasawa na kile alichotuachia bibi yangu, wanawe wakakipasua kuni. Leo ndicho kinacholaliwa kwa bei ya mbuzi wawili. Asubuhi mahamri matatu kwenye sahani kubwa ya sinia, pamoja na ua. Mahamri nikayala, ua tukatazamana.

Haya, nikapanda kidimbwini. Sijatia hata kidole, filimbi ikalia.

“Mzee, hapa ni nguo ya kuogelea tu.”

“Na hii ni nguo ya nini?”

“Hicho ni kikoi.”

“Najua. Nimekinunua mimi.”

“Kina matamvua, mzee. Nyuzi zinaziba mashine.”

Nikatazama huku na huku. Mito ya viti, kikoi. Mapazia, kikoi. Mshipi wa huyo kijana mwenyewe, kikoi. Dafu nililoagiza likaja limefungwa kitambaa kiunoni, na kitambaa ni kikoi. Yaani dafu listiriwe, mimi nivuliwe!

“Wewe mtoto wa nani?” nikamuuliza.

Akasogea, sauti ikashuka. “Ami, mimi wa Langoni, nyuma ya msikiti. Tafadhali usinipigie kelele, meneja anatutazama.”

“Kumbe wewe wa pale! Babako alijifunza kuogelea gatini, na siku hizo hata hicho kikoi hakuwa nacho!”

Wageni wakacheka bila kuelewa. Meneja akaja, mpole kweli kweli, akanishika bega. Akasema hakuna neno, dukani chini wanauza kaptura nzuri za kuogelea, elfu tatu na mia tano, zina picha za punda. Punda! Asubuhi hiyo hiyo punda mwenye gunia la simenti alikuwa amenibana ukutani pale njia kuu hadi nikatoa shahada. Sasa nimvae?

Tukiwa bado kwenye maneno, mgeni mmoja akatupita akielekea majini, mwilini ana kamba tatu tu. Filimbi kimya. Nikataka kuuliza kama kamba hazizibi mashine, lakini mke wangu alikwisha kunigeuza shingo.

Nikaketi na kanzu yangu kando ya maji, nikamuuliza tena yule kijana. “Haya maji yanatoka wapi?”

“Yanaletwa, Ami.”

Yanaletwa! Hapo ndipo moyo uliponichemka, si kwenye kikoi. Mfereji wangu unakohoa upepo tangu Ijumaa. Mji mzima unategemea visima vya kule kwenye michanga ya Shela, kina mama wanapanga ndoo tangu alfajiri, na jirani yangu huyaonea choyo hata ya kutawadhia. Kumbe kuna maji yanayopandishwa ngazi, watu wanne wapige picha pembeni bila kulowa! Kwangu mimi hayaletwi kwa nini? Sina ngazi?

Na ruhusa je? Mji huu umeandikwa urithi wa dunia tangu 2001. Mimi nikitaka kuongeza kidirisha cha choo, natumwa ramani, barua, na nirudi wiki ijayo. Kidimbwi kikapita wapi?

Usiku sikulala. Wazee wetu walijenga vyumba vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, huwezi kuibembeleza irefuke. Na lita elfu moja za maji ni tani nzima. Nikalala chali nikihesabu tani zilizo juu ya kifua changu, hadi mke wangu akaniambia nihesabu kimya kimya.

Kulipokucha nikarudi nyumbani, nikakuta shemeji yangu kalala kitandani kwangu, na viatu. Wapiga tarumbeta nao wako mlangoni, wamelipwa nusu, nusu nyingine wananidai mimi. Mimi mjomba tu! Babake bwana harusi yuko pale barazani anakunywa kahawa, si mumuendee yeye? Ati wameambiwa mzee mwenye pesa ni yule aliyelala hoteli ya kidimbwi.