Shaba itapita, abiria wa Mlimba je?

Simama Mlima Iwambi asubuhi, hapa Mbeya, utaelewa kwa nini watu wanaingoja TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ifufuke. Malori ya mafuta na mizigo ya Zambia na Kongo yanashuka kuelekea Mbalizi kwa gia nzito, breki zinanuka, bajaji zimejibanza pembeni. Mzigo ule ukihamia relini, wengi tutapumua.

Ndiyo maana mkataba uliosainiwa Septemba 2025 sikuupokea kwa kununa. Kampuni ya China, CCECC, itaweka dola bilioni 1.4 na kuiendesha reli hiyo kwa miaka 30. Wapo wanaosema tumeuza urithi wa Mwalimu. Mimi nauliza, urithi upi? Mwanzoni China ilitukopesha bila riba, baada ya Benki ya Dunia na nchi za Magharibi kukataa, na kilomita 1,860 zikafunguliwa 1976. Kujenga hakukushindikana. Kutunza ndiko kulikotushinda sisi na Wazambia: reli iliyokusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka, mwaka 2014/15 haikufikisha hata tani laki moja. Reli isiyopita treni, mnunuzi wake ni mwenye mzani wa chuma chakavu.

Ila mwekezaji naye si dawa. Mwaka 2007 reli ya kati tuliikabidhi kwa kampuni ya RITES ya India kwa asilimia 51 ya hisa, na miaka 5 haikutimia kabla Serikali haijairudisha mikononi mwake. Safari hii kuna na mshindani: njia ya reli ya Lobito, kule Angola, inayoungwa mkono na Marekani na Ulaya, nayo inaitaka shaba ileile ya Zambia na Kongo. Ikiipata, hasara ya TAZARA itamwangukia nani?

Kwangu, hata hivyo, hofu kubwa haiko kwenye shaba. Iko kwenye treni ya abiria. Panda kutoka Makambako kushuka Mlimba, kwenye mahandaki na madaraja ya ule mteremko. Treni haijasimama vizuri, masinia ya ndizi yameshafika madirishani, gunia la mpunga linasukumwa ndani na mikono minne, mwenye gunia bado yuko chini anatafuta chenji. Masika yakikolea, kwa vijiji vingi vya huko hiyo ndiyo barabara. Mwekezaji atahesabu tani, na simlaumu, ndiyo kazi yake. Mikungu miwili ya ndizi haimrudishii dola bilioni.

Kwa hiyo wabunge wetu wa Mbeya, Njombe na Kilombero wasibaki kubishana tumeuzwa au hatukuuzwa. Waulize treni ya abiria itapita mara ngapi kwa wiki, itasimama stesheni zipi ndogo, nauli itapangwa na nani, na mwekezaji akiifuta atatozwa faini ya shilingi ngapi.