Pafyumu za kuchanganya nyumbani: harufu siyo kesi, kesi ni jina na spiriti

Ukigusa tu hii mada ya kutengeneza mwenyewe pafyumu inayonukia kama zile za bei kubwa, mfano Baccarat Rouge 540 au Sauvage ya Dior, watu wanagawanyika hapohapo, hawa wanasema ni wizi wa jasho la watu na kujipaka sumu, wale wanasema mbona harufu ileile na hela imebaki mfukoni. Mi naona pande zote zinamjadili mtu ambaye hayupo, maana anayechanganya nyumbani hajaiga kitu. Kazi ya kuiga ilishaisha kiwandani, kuna mashine inaitwa GC-MS inachambua kilichomo kwenye pafyumu ya mtu, pale inapokwama anamalizia fundi mwenye pua yake, yanatoka mafuta mazito yanauzwa kwa lita na kilo mpaka yanafika Kariakoo kwenye zile pafyumu za kupima. Wewe unapima na kuchanganya tu, sawa na aliyenunua bizari ya pilau iliyosagwa tayari.

Sasa wizi uko wapi hapo? Harufu yenyewe imewashinda hata mahakimu. Ufaransa, nyumbani kwa pafyumu, mahakama yao ya juu ilisema 2006 kwamba harufu hailindwi na hakimiliki, halafu mwaka huohuo Uholanzi kwenye kesi ya Lancôme na Kecofa wakasema inaweza kulindwa. Jina ndo habari nyingine kabisa. 2009 Mahakama ya Ulaya iliamua kesi ya L'Oréal na Bellure, hawa Bellure walikuwa wanauza pafyumu za kuiga na walikuwa na orodha za kulinganisha "hii yetu ndo ile yao", ikaonekana ni kujibebesha kwenye jina la mwenzako. Marekani wao tangu 1968 kwenye kesi ya Chanel walikubali ulinganishe ilimradi usidanganye. Kwetu ukibandika lebo ya Dior kwenye chupa yako hiyo ni bidhaa bandia bila mjadala, FCC, ile tume ya ushindani inayokamata bidhaa bandia, wakija usianze kuwaelezea habari za ubunifu. (Na wanaolia wizi wakumbuke ua la langilangi linalotiwa kwenye Chanel No 5, Komoro ndo wazalishaji wakubwa duniani, mkulima wa kule sidhani kama kuna anayemlilia.)

Wanaotetea orijino wana hoja moja nzito ambayo hawaisemi vizuri, wao wanakimbilia "inakaa". Kukaa siyo hoja, EDT (eau de toilette, pafyumu nyepesi ya dukani) ina mafuta asilimia 5 mpaka 15 hivi, wewe umemwaga 20 au hata 30, lazima ikae mpaka jirani ajue. Hoja ni kwamba hujui kilichomo. Lilial kwa mfano, kiungo cha harufu cha kutengenezwa maabara, ilitumika miaka mingi, Ulaya wakaipiga marufuku kwenye vipodozi kuanzia Machi 2022 sababu ya wasiwasi wa uzazi, makampuni yakabadilisha fomula. Kile kichupa cha mafuta kilichoandikwa namba kwa maka peni nani anakuambia kama imo au haimo? Na muuzaji anaweza kuyarefusha mafuta kwa DPG, kimiminika kisicho na harufu, dukani hugundui. Angalau tone moja kwenye kipande cha karatasi uliache mpaka kesho asubuhi, mafuta mengi ya bei chee yanaanza vizuri halafu inabaki harufu ya sukari tupu.

Ila sumu wanayoihofia wengi haiko kwenye mafuta, iko kwenye spiriti, ile alkoholi ya kuyachanganyia. Mtu ananunua spiriti ya duka la vifaa vya ujenzi, ile ya rangi, ambayo mara nyingi imetiwa methanoli makusudi ili isinywewe, na methanoli inapita kwenye ngozi na mvuke wake unauvuta kila ukipuliza. Mwingine anachukua ya hospitali ya asilimia 70, hiyo ina maji mengi, ukimimina mafuta chupa inageuka nyeupe kama maziwa halafu anamlaumu muuza mafuta. Inayotakiwa ni ethanoli ya asilimia 95 au 96, safi, na hiyo nayo mvuke wake unashika moto kuanzia nyuzi 17 tu, Dar ni nadra kushuka huko hata usiku wa Julai, kwa hiyo kuchanganyia jikoni gesi inawaka ni kutafuta balaa.

Ukizingatia hayo hesabu inakubali. Chupa ya mili 50 inataka mafuta mili 10 na ethanoli 40, ikae kabatini gizani wiki mbili tatu, hata kama mafuta unayapata elfu moja kwa mili ni elfu kumi, wakati Baccarat yenyewe mili 70 inapita dola 300. Haitakuwa ileile, mwanzoni itafanana sana na baadae itakuwa nzito isiyobadilika, lakini kwa mtu wa kwenda kazini na daladala mi sioni alichopoteza.

Kwa kujipaka mwenyewe basi siioni kesi. Anayeuza ndo ninambana, aandike jina lake, asilimia ya mafuta, spiriti gani ametumia, na ajue pafyumu ni kipodozi na vipodozi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019. Wengi wanaojiita wabunifu huko mitandaoni hata hiyo lebo hawana.