Mwanga wa leza hununuliwa, kimo cha sodiamu hakinunuliki

Leza za rangi ya chungwa zinazorushwa kutoka darubini moja ya mita 8 ya VLT (kundi la darubini kubwa za Ulaya) pale Paranal, Chile, zinatafuta atomu za sodiamu zilizoachwa na vimondo vilivyoungua, kati ya kilomita 80 na 105 kutoka ardhini. Sodiamu yote iliyoko huko juu, dunia nzima, haifiki tani moja. Hata hivyo, ikipigwa na mwanga wa nanomita 589 humeremeta kama nyota, na nyota hiyo bandia ndiyo inayotumika kupima hewa inavyovuruga taswira, ili kioo chembamba kikunjwe mamia ya mara kwa sekunde kufuta vurugu hiyo.

Wapo wanaoikwepa sodiamu, na hoja yao si nyepesi. Kiasi chake katika latitudo za kati hupanda majira ya baridi na kupungua sana kiangazi. Darubini ya LBT, Arizona, ilifungiwa leza za kijani ambazo mwanga wake hurudishwa na molekuli za kawaida za hewa kwenye kilomita 12. Hapo kimo unakichagua mwenyewe kwa saa: rusha mpigo, subiri mikrosekunde 80, fungua kihisi. Tatizo ni umbo la pia (koni). Mwanga unaotoka kilomita 12, ukifika kilomita 6 umepita kwenye nusu tu ya upana wa hewa ambayo nyota ya kweli inaipitia, na hewa iliyo juu ya kilomita 12 haupimi kabisa. Kutoka kilomita 90, kwenye kimo cha kilomita 10 bado unapata asilimia 89 ya upana huo. Kwa kusafisha vurugu za karibu na ardhi kijani kinatosha; kwa taswira kali ya kioo kikubwa, hakitoshi.

Basi sodiamu. Wengi hukimbilia kuongeza wati. Darubini ile ya Paranal ina leza nne za wati 22 kila moja tangu 2016, na takriban sehemu ya kumi ya nguvu hiyo hubadilishwa masafa kidogo ili kuzirudisha kazini atomu zilizodondokea ngazi ya chini ya nishati, ambako leza kuu haizioni tena. Mwanga, basi, una dawa.

Kimo hakina. Tabaka la sodiamu likisogea mita 1 juu au chini, darubini ya mita 8 hukosea fokasi kwa nanomita 0.3 hivi. ELT, darubini inayojengwa Chile yenye kioo cha mita 39, itakosea kama nanomita 7, kwa sababu kosa hukua kwa mraba wa kipenyo. Likisogea mita 100, kosa ni nanomita 680, kupita hata urefu wa wimbi la leza yenyewe. Na yapo matabaka ya ghafla, membamba ya kilomita 1 au 2, yanayozuka ndani ya dakika chache. Mfumo utadhani hewa imechafuka, utakunja kioo, na taswira iliyokuwa safi itafifia.

Nyota ya kweli iliyo jirani, hata hafifu, haidanganyiki, na tayari inahitajika kwa ajili ya mtikisiko wa kushoto na kulia ambao leza haiwezi kuupima. Ila ukiisoma haraka mno unapata kelele, yaani vipimo visivyotulia kwa uchache wa mwanga. Ukiisoma polepole mno, tabaka limeshahama. Kwa hiyo kihisi kimoja chenye kelele ndogo kwa nyota hiyo hafifu kina faida kuliko leza ya ziada.