Fundi wa Vifaa vya Nyumbani Alipwe kwa Kukagua?

Fundi anaitwa kuangalia friji iliyoacha kugandisha. Anaivuta kutoka ukutani, anafungua nyuma, anapima umeme unaofika kwenye kompresa (mota inayosukuma gesi ya baridi), anasikiliza, anapima tena. Baada ya karibu saa nzima anamwambia mwenye friji ukweli: kompresa imekufa, na kwa umri wa friji hii ni afadhali pesa ya kompresa nyingine ikaongezewa kidogo ikanunua friji mpya. Je, fundi huyo anastahili kulipwa? Wengi watajibu hapana, maana friji haikupona. Mafundi wengi wanaojitegemea nao wamelikubali jibu hilo, na wanajitangaza hivyohivyo: ukaguzi bure, utalipa kazi ikikamilika.

Naamini mazoea haya yanawaumiza mafundi, na yanawaumiza wateja zaidi. Hata hivyo wanaoyatetea wana hoja, na baadhi ya hoja zao sina la kuzipinga.

Fundi aliyeajiriwa na mtengenezaji au na duka kubwa ana vipuri karibu, ana vitabu vya maelekezo, na mwisho wa mwezi ana mshahara hata kama wiki ilikuwa kavu. Anayejitegemea hana hayo yote. Alicho nacho ni kwamba hana friji mpya ya kuuza, wala bosi wa kumuuliza leo ameuza nini. Kwa hiyo yeye ndiye anayeweza kukwambia "tengeneza" au "achana nayo" bila kuvutwa na upande wowote. Lakini ukimlipa anapotengeneza tu, umeshamvuta. Akisema achana nayo, anarudi mikono mitupu na nauli ameshatumia. Akisema inatengenezeka, siku yake imepata maana. Watu waaminifu kabisa huanza kuona matumaini mahali ambapo hayapo, kwa sababu tu kodi ya banda inakaribia.

Chukua friji ya kisasa isiyojijenga barafu, ile ambayo feni husukuma baridi kutoka friza kwenda chumba cha chini. Mteja analalamika kwamba kwenye friza kunaganda lakini chini kuna joto. Mara nyingi tatizo hapo liko kwenye mfumo wa kuyeyusha barafu: hita imekatika, au themostati yake, au sensa inayopima joto, na barafu imejazana kwenye mabomba ya baridi nyuma ya kibao cha friza mpaka hewa haina pa kupita. Kulijua hilo lazima ufungue kibao, upime hita kwa multimita (kipima umeme), upime sensa, kisha ufikiri. Fundi mwenye haraka hafungui kibao. Anasema gesi imeisha, kwa sababu hilo ni neno ambalo kila mteja amewahi kulisikia, na kujaza gesi kuna malipo ya kueleweka. Gesi ya friji imo ndani ya mfumo uliozibwa na haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na anayejaza bila kutafuta tundu anaahirisha tu.

Kinachofuata ndicho kinachoniuma. Wakati wa kazi hiyo friji huzimwa kwa saa nyingi, barafu inayeyuka yenyewe, na ikiwashwa inafanya kazi vizuri siku kadhaa. Mteja anafurahi na kumsifu fundi kwa majirani. Kisha barafu inajijenga upya, chini kunapata joto, na sasa friji ina kasoro mbili: hita ileile mbovu, na gesi iliyojazwa kwa kukadiria. Friji nyingi za sasa hutumia R-600a, gesi inayowaka moto, na kiasi chake ni makumi machache tu ya gramu, kilichoandikwa kwenye kibandiko. Inapimwa kwa mizani, haikadiriwi kwa kuangalia bomba.

Sisemi kila anayesema gesi imeisha ni tapeli. Wapo ambao kweli hawajui. Lakini kama kupima hakuna malipo, fundi kijana atajifunza kupima kwa faida gani? Anajifunza kile kinacholipwa, yaani kubadilisha vitu.

Sasa upande wa pili. Mteja hawezi kuhakiki anachoambiwa. Akilipia kipuri anakiona, anaweza hata kudai kile cha zamani akishike mkononi. Akilipia ukaguzi ananunua maneno. Na wapo watu ambao wangefanya ukaguzi kuwa ndiyo biashara yenyewe: dakika tano, jina la tatizo lililobahatishwa, pesa mfukoni, kwa heri. Hofu hiyo ni ya haki, na fundi anayeikasirikia hajajiweka mahali pa mteja. Fundi mchanga asiye na jina naye ana kilio chake. Bila ukaguzi wa bure hakuna atakayemfungulia mlango, ilhali aliyezoeleka anaweza kudai analotaka. Na kwa vifaa vidogo, pasi au blenda, sioni mjadala wowote: ukaguzi wa kulipia utakaribia thamani ya kifaa chenyewe. Vitu hivyo mteja avilete kwenye banda, fundi aviangalie bure, basi.

Wengi hupendekeza njia ya kati: mteja alipe ukaguzi, na akikubali matengenezo pesa hiyo ikatwe kwenye bei. Inasikika vizuri na inamtuliza mteja. Ila ukiitazama kwa makini, bado malipo makubwa yako upande wa kutengeneza, na mteja aliyekwisha kulipa huhisi kwamba akikataa atakuwa ametupa pesa yake. Wote wawili wanasukumwa kwenye matengenezo ambayo pengine hayafai. Ningependelea ukaguzi uwe na bei yake ndogo, isiyobadilika, kazi ifanyike au isifanyike.

Watu husahau pia kwamba kukagua ni kazi ya hatari. Kapasita ya maikrowevu, yaani kipande kinachohifadhi umeme, inaweza kubaki na umeme wa volti zaidi ya 2,000 hata baada ya plagi kuchomolewa. Anayeifungua "kuangalia tu" ameshaweka mwili wake rehani.

Umoja wa Ulaya umeligusa jambo hili moja kwa moja. Sheria yake ya mwaka 2024 kuhusu haki ya kutengeneza vifaa, ambayo nchi wanachama zilipewa hadi tarehe 31 Julai 2026 kuanza kuitumia, inamruhusu fundi kudai gharama za ukaguzi, mradi amtajie mteja gharama hizo kabla ya kuanza. Imeweka pia fomu ambayo fundi anaweza kumpa mteja, ikieleza ubovu, aina ya matengenezo na bei au kikomo chake, na masharti yake hayabadiliki kwa siku 30. Karatasi hiyo ndiyo jibu bora nililoliona kwa hofu ya mteja. Maneno yanageuka kuwa kitu cha kushika: anaweza kwenda nayo kwa fundi mwingine, akalinganisha, akarudi au asirudi.

Fomu peke yake, lakini, haimpi fundi uwezo wa kukagua vizuri. Mashine ya kufulia ya sasa huonyesha herufi na namba za hitilafu ambazo maana yake kamili imo kwenye vitabu vya mtengenezaji. Kanuni za Ulaya zilizoanza kutumika Machi 2021 zinawataka watengenezaji wa mashine za kufulia kuwa na vipuri kwa angalau miaka 10 baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingizwa sokoni, na kuvifikisha ndani ya siku 15 za kazi. Lakini vipuri vingi vya ndani na taarifa za ufundi hupewa mafundi wa kitaalamu tu, na mtengenezaji anaweza kudai uthibitisho wa ujuzi na wa bima. Kwa mteja huo ni ulinzi. Kwa fundi wa banda dogo ni ukuta mwingine, na gharama ya kuupanda itaingia kwenye bei ya ukaguzi.

Lipo swali moja ambalo fomu hailimalizi: ubovu unaokuja na kuondoka. Mashine husimama katikati ya kufua, fundi akifika inazunguka bila kosa. Ameacha kazi nyingine, amepima, hajapata kitu. Kumtoza mteja ukaguzi kamili hapo si haki, kwa sababu alichonunua ni jibu na jibu halipo. Achukue nauli tu, na amwachie mteja orodha ya kuangalia itakaposimama tena: kioo kimeandika nini, ilikuwa inaingiza maji, inazungusha au inakamua, na maji yalibaki ndani au yalitoka. Ziara ya pili atakuwa na pa kuanzia, na hiyo atoze.