Torkelson, Kelenic na lini timu ichoke kungoja

Mwanzoni mwa Juni 2024, Detroit Tigers walimwambia Spencer Torkelson afungashe mizigo aende Toledo, kwenye timu yao ya ligi ndogo. Kutoka Detroit ni kama saa moja kwa gari. Kwa mchezaji wa besiboli, hata hivyo, hiyo ni barabara ambayo wengi hawairudii. Torkelson alikuwa kijana aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika usajili wa mwaka 2020, ambapo klabu huchagua vijana kwa zamu, akalipwa zaidi ya dola milioni 8 kabla hajapiga mpira hata mmoja wa kulipwa. Mwaka 2023 alipiga homurani 31, yaani mara 31 mpira wake ulivuka uzio wa uwanja. Sasa alikuwa na homurani nne tu na wastani wa kupiga wa .201. Na hii haikuwa mara yake ya kwanza kushushwa, kwa kuwa Julai 2022 alikwenda Toledo vilevile.

Kwa wasioufuatilia mchezo huu: wastani wa .201 maana yake ni mipigo salama 20, yaani inayomfikisha mpigaji angalau kituo cha kwanza, katika kila majaribio 100. Mpigaji wa kutegemewa hufika 26 au 27, na anayefika 30 huitwa nyota. Hata nyota, basi, anashindwa mara saba katika kila kumi, na hapo ndipo mzizi wa tatizo ulipo. Katika soka, mshambuliaji asiyefunga mechi kumi tunamwona wazi kwamba kuna kitu. Katika besiboli kushindwa ndiyo hali ya kila siku. Utamtambuaje kijana anayeshindwa kama wenzake wote na yule anayeshindwa kwa sababu hawezi?

Kanuni za Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, MLB, zinaipa klabu muda fulani wa kujiuliza. Kila klabu ina wachezaji 40 katika orodha yake kuu, na 26 kati yao ndio wanaocheza ligi kuu. Aliye ndani ya 40 anaweza kushushwa ligi ndogo na kupandishwa tena katika misimu mitatu tofauti bila klabu nyingine kumgusa. Tangu 2022, ndani ya msimu mmoja mwisho ni kumshusha mara tano. Ni kama kumtoa kwa mkopo kwenye timu iliyo chini yako mwenyewe. Misimu hiyo mitatu ikiisha, ukitaka kumshusha lazima kwanza umweke mezani, na klabu yoyote kati ya nyingine 29 inaweza kumchukua. Mara nyingi tunaposikia klabu “imemkatia tamaa” fulani, kilichotokea ni kwamba kalenda imeisha. Hakuna aliyekaa chini akapima kipaji.

Hoja ya subira ina mashahidi wakubwa. Mei 1951, kijana wa miaka 20 aitwaye Willie Mays alipanda kwenye timu ya New York Giants, na katika majaribio yake 26 ya kwanza akapata mpigo mmoja tu salama. Inasimuliwa kwamba alilia akiomba arudishwe ligi ndogo. Kocha Leo Durocher akakataa. Mays alimaliza mwaka ule akiwa mchezaji mpya bora wa ligi yake, na alistaafu na homurani 660. Mike Trout, miaka 60 baadaye, alianza na wastani wa .220 katika mechi 40 za mwaka 2011. Msimu wa 2012 alianzia ligi ndogo, akapandishwa mwishoni mwa Aprili, akamaliza na .326. Jackson Holliday wa Baltimore, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka 2022, alipanda Aprili 2024 akapata mipigo miwili katika majaribio 34, na mara 18 alitolewa kwa straiki tatu, yaani mipira halali aliyoikosa au kuiacha ipite. Wakamrudisha chini baada ya mechi kumi. Mwaka uliofuata alikuwa mchezaji wa kila siku mwenye homurani 17.

Majaribio 26, majaribio 34: hizo ni wiki mbili za kazi. Hakuna mwajiri mwenye akili anayemfukuza fundi kwa wiki mbili. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Roy Halladay, mrushaji wa Toronto Blue Jays, kwa sababu yeye hakuwa na wiki mbili mbaya. Alikuwa na mwaka mzima mbaya. Mwaka 2000 aliruhusu wastani wa pointi 10.64 kwa kila vipindi tisa, na katika historia ya ligi kuu hakuna mrushaji aliyetupa vipindi 50 au zaidi kwa msimu akawa na wastani mbaya kuliko huo. Toronto hawakumtupa, wala hawakuendelea kumpanga wakisubiri muujiza. Mwanzoni mwa 2001 walimshusha hadi Dunedin, Florida, chini sana katika ngazi za ligi ndogo, na huko mwalimu Mel Queen akambadilisha jinsi anavyoupeleka mkono. Alikuwa akirusha kutoka juu moja kwa moja, na mipira yake ilinyooka kiasi cha wapigaji kuifurahia. Queen akaushusha mkono kidogo pembeni, mipira ikaanza kupinda. Miaka miwili baadaye Halladay alishinda tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, na leo sura yake iko katika ukumbi wa magwiji kule Cooperstown.

Kuna udanganyifu mdogo katika mashahidi hawa. Tunawakumbuka kwa sababu walifanikiwa. Waliongojewa na wasifike mahali popote hawana sanamu, na ni wengi zaidi. Hata hadithi zinazosimuliwa sana hupindishwa kidogo. David Ortiz huletwa kila mara kama kijana aliyekatiwa tamaa na Minnesota Twins Desemba 2002, kisha akaenda Boston kupata vikombe vitatu na kumaliza na homurani 541. Ni kweli waliachana naye bila kupata chochote. Lakini Ortiz alikuwa ametoka kupiga homurani 20 msimu ule. Hakuwa ameshindwa kupiga. Mshahara wake ndio uliokuwa karibu kupanda, na Twins hawakutaka kuulipa. Huo ulikuwa ubahili, na haufai kuwa somo la subira.

Ukitaka kuona gharama ya subira, nenda Seattle. Novemba 2019 Mariners walimpa Evan White, kijana ambaye hakuwa amecheza mechi hata moja ya ligi kuu, mkataba wa miaka sita wa dola milioni 24. Mwaka 2020 alishinda tuzo ya ulinzi, Gold Glove, kwa kazi yake kwenye kituo cha kwanza. Kwa gongo alipata .176. Wakaendelea naye 2021, akapiga .144 katika mechi 30, kisha nyonga ikaumia na hakurudi tena ligi kuu. Mwaka huohuo walimpandisha Jarred Kelenic, aliyechaguliwa wa sita mwaka 2018 na New York Mets, kisha akaja Seattle katika biashara kubwa ya wachezaji. Alikosa mara 39 mfululizo, wakamshusha, wakampandisha tena, akamaliza na .181 katika mechi 93.

Mariners walimaliza 2021 na ushindi 90, mechi mbili tu nyuma ya nafasi ya mwisho ya kuingia hatua ya mtoano. Klabu hiyo haikuwa imefika huko tangu 2001. Siwezi kusema kwamba Kelenic na White ndio waliowanyima mechi hizo mbili, besiboli haihesabiki hivyo. Lakini shabiki wa Seattle aliyengoja miaka 20 ana haki ya kuuliza kwa nini elimu ya vijana wawili ililipiwa na msimu wake. Wachezaji wenzao nao walikuwa na haki hiyo. Mrushaji mwenye umri wa miaka 33 hana miaka mitatu ya kumsubiri mtu akue.

Kelenic aliendelea kupewa nafasi. Mwaka 2022 alipiga .141. Mwaka 2023 alianza vizuri sana, ikaonekana mambo yamekaa sawa, kisha Julai, baada ya kutolewa kwa straiki, akalipiga teke pipa la maji ya kunywa na kuvunjika mguu. Desemba ile Seattle wakampeleka Atlanta pamoja na White mwenyewe. Atlanta nao wakajaribu: .231 mwaka 2024, na Aprili 2025, akiwa na .167, wakamshusha. Klabu mbili, misimu mitano, walimu tofauti. Wakati fulani lazima mtu aseme imetosha.

Hapo ndipo naachana na wale wanaotaka kipimo cha idadi ya mechi. Mechi 40 au 400, namba peke yake haitoshi. Swali ninalouliza mimi ni kama kushindwa kwa leo ni kulekule kwa mwaka jana. Kijana aliyekuwa akikosa mipira ya kupinda, na sasa anaiacha ipite lakini anakosa ya kasi, anahangaika na jambo jipya, na huyo ningemngoja. Anayekosa mpira uleule, mahali palepale, kwa gongo lilelile miaka mitatu, amekwama. Na akikwama, swali la pili linaigeukia klabu: mna kitu kipya cha kumfundisha? Toronto walikuwa nacho kwa Halladay. Kama hamna, kumshikilia ni kumpotezea muda wake, na maisha ya mchezaji ni mafupi. Fedha za usajili zisiingie hapa kabisa. Zile dola milioni 8 za Torkelson zililipwa 2020, na maji yakimwagika hayazoleki.

Kosa la Houston Astros kwa J.D. Martinez lilikuwa hapo. Martinez alikuwa amecheza nao misimu mitatu bila kuvutia. Kati ya msimu wa 2013 na wa 2014 alikaa chini akajisoma, akabadilisha jinsi anavyolizungusha gongo, akarudi kambini kama mpigaji mwingine. Astros walimpa majaribio 18 katika mechi zote za mazoezi, kisha wakamwacha Machi 2014, akiwa na miaka 26. Kumbuka kwamba timu hii ilikuwa imepoteza mechi 111 mwaka uliotangulia. Kama kuna klabu iliyokuwa na nafasi ya kumtazama mtu kwa miezi miwili bila kupoteza chochote, ilikuwa hiyo. Walimhukumu kwa faili la zamani huku mtu mwenyewe amesimama mbele yao akiwa amebadilika. Detroit walimchukua bure, na mwaka ule alipiga .315 na homurani 23.

Kuna pia wachezaji ambao subira kwao ni rahisi kwa sababu wana kazi ya pili. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008 na kuhangaika ligi ndogo zaidi ya miaka minane. Gongo lake lilikuwa dhaifu, lakini mikono yake ya ulinzi ilikuwa ya dhahabu, na hiyo ikambakiza. Aprili 26, 2017 akawa Mwafrika wa kwanza aliyezaliwa barani kucheza ligi kuu, na katika jaribio lake la kwanza akapata mpigo salama dhidi ya Jon Lester. Kansas City Royals nao walimfanya Alex Gordon, aliyechaguliwa wa pili mwaka 2005, kuwa mtu mwingine. Alipokwama kwenye kituo cha tatu walimshusha Omaha mwaka 2010 wakamfundisha kucheza nyuma upande wa kushoto. Alikusanya Gold Glove nane, na mwaka 2015 alikuwa katika timu iliyotwaa ubingwa.

Torkelson hana kazi ya pili. Anacheza kituo cha kwanza, nafasi ambayo mtu huwekwa kwa ajili ya gongo tu, asipopiga hana anachofanya. Kwa hiyo kesi yake ilikuwa ngumu kuliko ya Gordon, na kwa kweli mwaka 2024 mimi ningemuuza. Tigers walimrudisha Agosti, wakaingia mtoano kwa mara ya kwanza tangu 2014, na yeye akamaliza msimu na homurani 10 tu.

Walichofanya baada ya hapo ndicho ninachokiona cha busara zaidi katika habari hii yote. Walimsajili Gleyber Torres acheze kituo cha pili, wakamsogeza Colt Keith kwenda kituo cha kwanza, yaani mahali pa Torkelson. Hawakumuuza wala kumwacha. Walimwondolea kiti tu, wakamwambia aje kambini kama wengine. Alikuja 2025 akiwa amebadilisha namna ya kusimama mbele ya mrushaji, akapiga vizuri muda wote wa kambi, akakirudisha kiti chake mwenyewe, na akamaliza msimu na homurani 31, sawasawa na zile za 2023. Klabu ilikuwa imeikatia tamaa nafasi yake katika timu, lakini mlango wake iliuacha wazi.

Kama Kelenic angegonga mlango wa klabu yangu, nisingetazama ile .167 kwanza. Ningeomba video yake ya sasa na ya 2022, niziweke pamoja. Nikiona mikono ileile, ningemshukuru na kumsindikiza. Nikiona kitu kimehama, hata kidogo, ningempa mkataba wa ligi ndogo, bila kiti, na majaribio zaidi ya 18.